Mbolea na tikiti maji chotara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyokuja. Ya mwanzo huulizwa kabla ya kupanda, ya mbele huulizwa mambo yakishaharibika. Hesabu zote zinachukulia nafasi ya mita 2 kati ya mistari na mita 1 kati ya miche, yaani miche kama 2,000 kwa ekari au 5,000 kwa hekta. Ukipanda kwa nafasi nyingine, kipimo cha kila mche nacho kibadilishe.

Nimeacha mbegu ya kawaida nikahamia chotara. Lazima niongeze mbolea?

Si kwa sababu ya jina F1 (kizazi cha kwanza cha chotara, yaani uzao wa wazazi wawili tofauti) kwenye pakiti. Chotara haili zaidi kwa kila kilo ya tunda. Inazaa kilo nyingi zaidi, na inazizaa kwa mpigo. Miche yake inafanana, inatambaa pamoja, inatoa maua jike karibu siku zilezile, na matunda yanajaa ndani ya wiki chache. Hapo ndipo udongo unapobanwa. Shamba lililotosha mbegu ya zamani, iliyokuwa ikitoa tunda moja leo na jingine baada ya wiki mbili, linaweza kuzidiwa na chotara inayodai chakula chote kwa wakati mmoja.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kwenye udongo wenye njaa, faida ya chotara mara nyingi hupungua sana. Unakuwa umenunua uwezo usiotumika.

Halafu hakikisha ulichonacho ni chotara kweli. Sugar Baby na Crimson Sweet zinatajwa kila siku kana kwamba ni chotara, lakini zote mbili ni mbegu za kawaida, za uchavushaji huria (zisizotokana na kuchanganya wazazi wawili maalumu). Crimson Sweet ilitolewa Kansas, Marekani, mwaka 1963. Ni tikiti nzuri, ila si F1.

Kwa hiyo ni kilo ngapi?

Mapendekezo mengi ya tikiti maji huangukia kati ya kilo 80 na 150 za nitrojeni halisi kwa hekta. Kichanga kinachopitisha maji haraka kinaelekea juu. Udongo mzito, au shamba lililopata samadi ya kutosha, linaelekea chini. Fosforasi na potasiamu haziwezi kusemwa kwa mbali namna hiyo, kwa sababu udongo mmoja unaweza kuwa na akiba ya miaka na mwingine usiwe na kitu. Kipimo cha udongo ndicho kinachojibu, na ni cha kufanya kabla hujanunua mfuko wa kwanza.

Ila namba yenyewe ina maana ndogo kuliko umbo la jibu. Ukianza na sifuri ukapanda ngazi kwa ngazi, mavuno hupanda haraka mwanzoni, kisha taratibu, kisha husimama, kisha hushuka. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mfuko wa kwanza wa mbolea ya kukuzia unakuongezea matunda 400, wa pili 200, wa tatu 40. Huo wa tatu umeongeza mavuno, ni kweli, lakini huenda haukurudisha hata gharama yake. Wa nne unapunguza. Mkulima anayelenga mavuno makubwa kabisa na anayelenga faida kubwa kabisa hawasimami ngazi moja, na wa pili husimama chini kidogo.

Nisaidie hesabu. Mifuko mingapi kwa ekari?

Tuchukue lengo la kilo 100 za nitrojeni kwa hekta, ambazo ni kilo 40 kwa ekari.

Mbolea ya kupandia: NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) 17-17-17, mifuko 2 ya kilo 50. Asilimia 17 ya kilo 100 ni kilo 17 za nitrojeni. Bado 23. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa kilo 23 kamili. Umefika 40.

Ukipenda CAN (kalsiamu amonia naitreti) yenye asilimia 27 badala ya urea, 23 gawanya kwa 0.27 unapata kilo 85. Kwa kalsiamu naitreti yenye asilimia 15.5, utahitaji karibu kilo 148.

Sasa shuka kwenye mche. Kilo 100 za NPK kwa miche 2,000 ni gramu 50 kila shimo. Kilo 50 za urea ni gramu 25 kila mche, tena kwa awamu mbili, gramu 12 au 13 kila awamu. Kizibo cha soda kikijazwa na kusawazishwa hubeba kama gramu 5 za mbolea ya punje, lakini usiniamini mimi: pima vizibo 20 kwenye mizani ya jikoni, gawanya kwa 20. Punje za urea ni nyepesi kuliko za NPK, na anayetumia “ngumi moja” hupishana na mwenzake mara mbili au tatu ndani ya mstari mmoja.

Mbona ushauri wa maabara unasema fosforasi kilo 7 na mifuko yangu miwili inanipa 17?

Wote wako sawa. Namba ya pili na ya tatu kwenye mfuko huhesabiwa kama oksidi, yaani kirutubisho pamoja na oksijeni: P2O5 kwa fosforasi na K2O kwa potasiamu. Kupata fosforasi yenyewe, zidisha kwa 0.44. Kupata potasiamu yenyewe, zidisha kwa 0.83. Kilo 17 za P2O5 ni kilo 7.5 hivi za fosforasi. Kabla hujalinganisha ushauri wa watu wawili, uliza kila mmoja anahesabu kwa lugha gani.

Niweke lini?

Swali hili lina uzito kuliko lile la kilo ngapi, ila huulizwa mara chache.

Mche wa tikiti hula kidogo sana kwa wiki tatu za kwanza. Ulaji unapanda unapoanza kutambaa, na unafika kileleni matunda yanapojaa. Mbolea yote ukiiweka siku ya kupanda, hasa kwenye kichanga, sehemu kubwa ya nitrojeni itakuwa imeshuka chini ya mizizi kabla mwenye kuihitaji hajaamka.

Fosforasi iende yote wakati wa kupanda, kwa sababu haitembei kwenye udongo na mzizi mchanga unaihitaji. Potasiamu, nusu mwanzo na nusu matunda yakishika. Kwenye udongo mzito waweza kuiweka yote mwanzo. Nitrojeni: kidogo mwanzo, awamu ya kwanza ya kukuzia wakati matawi yanaanza kulala chini (wiki ya 3 au ya 4), awamu ya pili matunda ya kwanza yakiwa na ukubwa wa yai au limau. Baada ya hapo, funga mfuko. Wiki mbili za mwisho kabla ya kuvuna zisione nitrojeni mpya.

Mwenye umwagiliaji wa matone ana raha zaidi, kwa sababu anaweza kugawa kiasi kilekile vipande vidogo kila wiki kufuata hamu ya mmea.

Shamba langu ni kijani, matawi yamejaa mpaka njia hazionekani, lakini matunda hakuna. Nimekosea wapi?

Umelisha majani. Hili ndilo kosa linalopendeza macho kuliko yote, na ndiyo sababu linarudiwa msimu kwa msimu: wapita njia wanakusifu.

Nitrojeni ikizidi, mmea hauna haraka ya kuzaa. Unaendelea kutoa matawi, maua jike yanachelewa, na yakija yanajificha chini ya kivuli ambako nyuki hawafiki kwa urahisi. Ukuaji na mavuno ni mambo mawili. Hadi kiwango fulani yanatembea pamoja, halafu yanaachana: tawi linazidi kurefuka, tunda linasimama. Ndiyo maana jaribio la mbolea linalopima urefu wa matawi na idadi ya majani peke yake linaweza kukuambia ngazi ya juu ndiyo bora, wakati mizani siku ya mavuno inasema kinyume.

Lakini kabla ya kuilaumu nitrojeni, ingia shambani asubuhi. Tafuta maua. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Ua jike lina kitikiti kidogo nyuma ya petali, chenye manyoya laini, ukubwa wa punje ya njugu. Maua dume hutangulia kwa wiki moja hivi, na hata baadaye huwa mengi kuliko majike mara kadhaa, kwa hiyo shamba lenye maua dume matupu katika siku za mwanzo halina ugonjwa. Likiwa na majike, rudi baada ya siku mbili. Kama vitikiti vile vimegeuka manjano na kunyauka, tatizo lako ni uchavushaji. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu, likifunga mchana halifunguki tena, na linahitaji kutembelewa na nyuki takribani mara nane au zaidi ili tunda lijae bila kupinda. Hakuna mbolea inayofanya kazi ya nyuki. Angalia pia saa unazopulizia dawa ya wadudu: ukipuliza asubuhi, jibu unalo mkononi.

Kama kweli ni nitrojeni, simamisha mbolea, punguza maji kidogo bila kuutesa mmea, na usubiri. Usikate matawi kwa hasira.

Nitajuaje ni kirutubisho gani kimepungua?

Anza kwa kuuliza ni jani gani limeumwa, la zamani au changa. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zinahama ndani ya mmea, kwa hiyo mmea hunyang’anya majani ya zamani ili kulisha machanga. Kalsiamu na boroni hazihami, kwa hiyo ncha ndiyo huumia kwanza.

Jani la zamani likififia lote kuwa manjano, shuku nitrojeni. Likiungua ukingoni kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto huku katikati ni kijani, shuku potasiamu. Likiwa manjano kati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, shuku magnesiamu; hiyo huonekana sana kwenye kichanga chenye tindikali, na mara nyingi hujitokeza matunda yanapokuwa mzigoni. Fosforasi ni ngumu kuiona: mche unadumaa tu, na majani huwa kijani cha giza au yenye wekundu wa zambarau.

Virusi na utitiri huigiza dalili hizi vizuri mno. Geuza jani uangalie chini kabla hujaenda kununua chochote.

Je, pH ya udongo (kipimo cha tindikali yake) ina shida gani na mbolea?

Tikiti hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8. Ikishuka chini ya 5.5, fosforasi uliyoinunua inakamatwa na chuma na aluminiamu, na manganizi huyeyuka kupita kiasi hadi kuwa sumu kwa mmea. Hapo mbolea zaidi haisaidii. Chokaa ya kilimo ndiyo dawa, na iwekwe wiki nyingi kabla ya kupanda. Urea nayo ikitumika misimu mfululizo huongeza tindikali.

Matunda yanaoza kitako. Niongeze kalsiamu?

Doa jeusi au la kahawia lililobonyea upande ule ua lilipokuwa ni njaa ya kalsiamu ndani ya tunda. Njaa hiyo haimaanishi udongo hauna kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji kutoka mzizini, na maji hukimbilia majani kuliko tunda. Siku ukikausha shamba kisha ukalifurika, tunda changa hukosa zamu yake.

Mambo mengine mawili yanayolikosesha ni mbolea yako mwenyewe: amonia nyingi na potasiamu nyingi hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Nimeshaona mtu akiona doa akaongeza urea “mmea upate nguvu”, na doa likaenea. Sawazisha maji kwanza. Kisha, ukiwa bado na awamu ya kukuzia, iwe kalsiamu naitreti. Matunda yaliyokwisha oza yatoe, hayaponi na yanaendelea kula.

Potasiamu inaongeza utamu?

Ikiwa imepungua, ndiyo. Sukari hutengenezwa kwenye jani na kusafirishwa hadi tunda, na potasiamu ni muhimu katika usafiri huo. Ikiwa inatosha, kuongeza hakuzidishi utamu. Watu hulipia sana matumaini haya.

Utamu unategemea zaidi majani yenye afya hadi mwisho, jua, na kuvuna kwa wakati. Tikiti haliongezi sukari likishakatwa. Nitrojeni ya mwisho mwisho pamoja na maji mengi hufanya tunda liwe kubwa lenye ladha ya maji, na wakati mwingine hulipasua. Kwenye kipimo cha briksi (asilimia ya sukari kwenye maji ya tunda), viwango vya daraja vya Marekani huita asilimia 8 “nzuri” na 10 “nzuri sana”, na hupimwa kwa tone kutoka katikati ya tunda. Karibu na ganda daima patakudanganya kwa kukupa namba ndogo.

Nimepasua tunda, ndani lina ufa kama pango.

Moyo wazi. Nyama ya ndani imeshindwa kwenda sambamba na ganda linalopanuka. Uchavushaji hafifu unachangia sana, baridi wakati wa maua inachangia, na nitrojeni nyingi inayolikuza tunda kwa pupa inachangia. Huonekana zaidi kwenye matunda ya kwanza karibu na shina, na zaidi kwenye tikiti zisizo na mbegu.

Hizo zisizo na mbegu zinalishwa tofauti?

Kiasi hakitofautiani sana. Kinachotofautiana ni kwamba poleni yake (chavua, ule unga wa ua dume) haifai, kwa hiyo lazima upande tikiti ya kawaida pembeni, mche mmoja kwa kila miwili au mitatu. Ukizidisha nitrojeni, tikiti yenye nguvu zaidi humfunika jirani yake mchavushaji, na hasara inakuwa mara mbili.

Samadi peke yake inatosha?

Inaweza, ila kwa chotara utahitaji mzigo mkubwa na lazima iwe imeiva. Samadi ya ng’ombe ina nitrojeni kidogo, tena nyingi inatoka polepole, pengine tunda limeshavunwa. Ya kuku ina nguvu zaidi na huunguza haraka zaidi.

Ninachopendelea ni kuchanganya: samadi iliyoiva shimoni, mbolea ya dukani juu yake kwa kiasi kilichopunguzwa. Samadi hufanya kitu ambacho mfuko haufanyi: hushika maji na virutubisho kwenye kichanga, ili kile kidogo unachoweka kisikimbie. Mbichi usiweke. Inaunguza mizizi, inaleta magugu, na inaendelea kutoa nitrojeni wakati wewe unataka mmea uache kutanuka.

Na busta za kupuliza kwenye majani?

Kwa boroni, magnesiamu na vingine vinavyohitajika kwa gramu, zinafaa, hasa boroni kabla ya maua kwa sababu poleni huihitaji ili iote. Lakini boroni ina mstari mwembamba kati ya dawa na sumu, fuata kipimo cha kwenye chupa. Kwa nitrojeni na potasiamu za msimu mzima, jani halina mdomo wa kutosha.

Nimeweka mbolea, kesho yake miche imeungua.

Umeiweka karibu mno, au kavu bila maji, au vyote viwili. Mbolea ni chumvi. Ikigusana na mzizi huunyonya maji. Wakati wa kupanda, ichanganye na udongo na uifunike kwa tabaka la udongo mtupu la vidole viwili vitatu kabla ya kuweka mbegu. Ya kukuzia, chora duara sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, weka, funika, mwagilia. Miche iliyoungua nusu, ifurikishe maji mara mbili ili chumvi ishuke. Iliyolala kabisa, panda upya.

Na urea usiiache juu ya udongo. Kwenye joto na unyevu kidogo hugeuka gesi ya amonia na kupotea. Ile harufu kali unayoisikia ni nitrojeni yako inaondoka.

Mvua kubwa imenyesha siku mbili baada ya kuweka. Nirudie?

Usirudie yote. Kwenye udongo mzito huenda hujapoteza kitu cha maana. Kwenye kichanga, subiri siku nne tano, angalia majani ya zamani. Yakianza kufifia rudisha nusu.

Nawezaje kujua kiwango changu mwenyewe?

Kwa jaribio dogo, na halihitaji digrii. Chagua sehemu ya shamba iliyo sare. Ngazi nne: sifuri, nusu ya kiwango, kiwango kamili, na moja na nusu. Kila ngazi irudie mara tatu, kwa hiyo vipande 12. Mbolea ya kupandia iwe sawa kote. Badilisha ya kukuzia peke yake, la sivyo hutajua nini kimesababisha nini. Vipande vipange kwa kura, usiweke sifuri zote upande wa bondeni. Miche 20 kila kipande inatosha, na ile ya pembezoni usiipime kwa sababu mizizi yake inaiba kwa jirani.

Andika vitu vitano: urefu wa tawi kuu siku ya 30, siku ua jike la kwanza lilipofunguka, idadi ya matunda yanayouzika, uzito wake, na briksi ya matunda matatu kila kipande. Vijiti viandikwe kwa rangi isiyofutika, maana wiki ya sita matawi yatakuwa yamefunika kila kitu na utasahau.

Kisha panga mstari wa urefu wa tawi na mstari wa uzito kwenye karatasi moja. Pale uzito ulipoacha kupanda huku urefu ukiendelea, hapo ndipo penye kiwango chako kwa udongo huo. Fanya misimu miwili kabla ya kuapa.

Nikitunza mbegu za tunda la chotara, zitahitaji mbolea ileile?

Zitaota, lakini kizazi cha pili kinachanganyikana: hili kubwa, lile dogo, hili tamu, lile bua tupu. Huwezi kuweka kiwango kimoja kwa miche isiyofanana.

Nimebakiza nusu mfuko wa urea. Niiweke tu isipotee?

Hapana, hasa matunda yakiwa yameshajaa. Funga mdomo wa mfuko, uuweke juu ya ubao mahali pakavu, mbali na ukuta unaovuja na mbali na mikono ya watoto. Usiuchanganye na CAN iliyobaki kwenye ndoo moja, vitavuta unyevu na kugeuka uji kabla ya msimu ujao.